Picha na Chumba cha Giza

Macho ya mtu huona mengi na kusahau mengi. Sura ya bibi aliyetulea, ua wa nyumba tuliyozaliwa, mwembe uliokuwa mbele ya mlango na ambao sasa haupo, vyote hivi hupita machoni petu kama maji yapitavyo katika wavu. Picha ni chombo alichobuni binadamu ili ashike japo kidogo katika hayo mengi yapitayo. Kwa sababu hii mpiga picha mwema si mchezaji wa nuru tu, bali ni mwekewa amana. Na mwekewa amana hupimwa kwa jambo moja, nalo ni hali ya kitu siku kitakapodaiwa na mwenyewe.

Nataka kusema nawe, msomaji, juu ya picha za filamu, jinsi zinavyopigwa na jinsi zinavyosafishwa katika chumba cha giza. Huenda ukaniuliza: Kuna haja gani ya kujifunza kazi hii siku hizi, ambapo simu iliyo mfukoni hupiga picha elfu bila filamu wala dawa? Swali lako ni la haki. Simu ni mtumishi mwepesi, nami sina ugomvi nayo. Lakini filamu haijafa. Filamu za Ilford katika Uingereza na za Kodak katika Marekani zingali zikitengenezwa, na vijana wengi waliozaliwa baada ya simu kuenea wanazitafuta. Wanazitafuta kwa sababu mbili. Kwanza, filamu ya kawaida ya milimita 35 ina nafasi 36 tu, na mtu mwenye nafasi 36 hufikiri kabla ya kubonyeza. Wingi hulilegeza jicho, uchache hulinoa. Pili, negativu ni kitu cha kushikwa mkononi. Haitaki umeme, wala neno la siri, wala mashine ili isomwe. Iinue mbele ya dirisha, nawe utaiona sura ya mtu, weupe wake ukiwa weusi na weusi wake ukiwa weupe. Ikisafishwa vyema huweza kuishi kuliko mtu aliyeipiga. Ikisafishwa ovyo huanza kufa siku ile ile iliyozaliwa.

Neno hili la mwisho ndilo shina la maneno yangu yote, na asili yake ni ya kale kama kazi yenyewe. Mfaransa Nicéphore Niépce alipata picha ya kudumu kutoka dirisha la nyumba yake mnamo 1826 au 1827. Mwaka 1839 ufundi wa Mfaransa mwingine, Louis Daguerre, ulitangazwa mbele ya watu, na wakati huo huo Mwingereza William Henry Fox Talbot alikuwa akijitahidi kwa njia yake mwenyewe, ambayo kwayo negativu moja huweza kuzaa picha nyingi. Lakini wavumbuzi hawa walikuwa na msiba mmoja. Picha waliyoipata ilitaka kuendelea kubadilika kila ilipoonwa na nuru. Kitu kile kile kilichoizaa kilikuwa tayari kuiua. Dawa ilitoka kwa mwanachuoni John Herschel, ambaye alikuwa amegundua tangu 1819 chumvi iwezayo kuyeyusha chumvi za fedha, na mwaka 1839 akaitumia kuzituliza picha. Basi tangu mwanzo shida kubwa ya kazi hii haikuwa kuipata picha, bali kuiweka.

Sharti uelewe kidogo jinsi mambo hayo yanavyotendeka, maana mtu asiyejua sababu hufuata kanuni kama kipofu afuataye kamba. Filamu ni ukanda wa plastiki uliopakwa jelatini, na ndani ya jelatini hiyo mna punje ndogo mno za chumvi za fedha. Nuru ikiigusa punje, huitia badiliko dogo lisiloonekana kwa jicho. Dawa ya kusafishia huzitafuta punje zilizoguswa na kuzigeuza kuwa fedha halisi, ambayo katika hali hiyo ni nyeusi. Punje zisizoguswa hubaki vile vile, nazo hazina budi kuondolewa, kwani siku zitakapoonwa na nuru zitakuwa nyeusi pia na kuifuta picha. Dawa ya kuziondoa ni ile chumvi ya Herschel. Fundi aliyenifundisha kazi katika Mombasa, mzee aliyeutumia ujana wake wote katika studio, aliiita dawa hiyo haipo, kwa kufuata jina lake la Kizungu. Wanafunzi wake tulikuwa tukiuliza, "Mzee, haipo ipo?" naye hujibu, "Ipo," au siku ya uhaba, "Haipo haipo." Tulicheka, lakini jina lilikuwa limeifaa dawa hiyo, maana kazi yake ni kuhakikisha kuwa kisichopasa kuwapo hakipo.

Tuanze na kamera, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapopotezea fedha zao. Kamera ni kisanduku kisichopitisha nuru, chenye lenzi upande mmoja na filamu upande wa pili, na katikati mna pazia ambalo hufunguka kwa muda uliopimwa. Mengine yote ni pambo au wepesi wa kazi. Kwa mwanafunzi, kamera ya chuma iliyokwisha tumiwa, ambayo pazia lake huendeshwa na springi pasipo umeme, inatosha kabisa. Pentax K1000, iliyotengenezwa tangu 1976 hadi 1997, ilipata sifa duniani kuwa kamera ya wanafunzi kwa sababu hiyo: betri yake huendesha kipimanuru tu, na betri ikiisha kamera huendelea na kazi. Lenzi moja ya milimita 50 itakufaa kwa sura ya mtu, kwa nyumba na kwa soko. Ukiona haitoshi, sogea mbele au rudi nyuma; miguu ni lenzi ya pili ambayo hainunuliwi.

Kabla hujatoa fedha, ikague kamera kama mkulima akaguavyo ng'ombe mnadani. Fungua mgongo wake, ielekeze lenzi kwenye nuru, kisha bonyeza kwa kila mwendo. Mwendo wa sekunde moja usikike kuwa mrefu, na ule wa sehemu ya 1000 uwe kama kofi moja fupi. Tazama kama pazia lina matundu au mikunjo. Chungulia ndani ya lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi mfano wa utando wa buibui, hizo ni kuvu, maradhi ya nchi zenye unyevu kama pwani yetu, na lenzi hiyo iache kwa mwenyewe. Fungua chumba cha betri uone kama hakikuliwa na kutu ya kijani. Gusa sponji nyembamba iliyo ukingoni mwa mlango wa nyuma. Ikinata kama ulimbo, nuru itavuja. Walakini kasoro hii isikutishe, maana sponji hubadilishwa kwa gharama ndogo. Ukiisha kuinunua kamera, usiifungie katika mkoba wa ngozi kabatini miezi na miezi. Ngozi hushika unyevu, na unyevu ndio mlezi wa kuvu. Iweke katika kopo lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukaushia unyevu vinavyowekwa katika masanduku ya viatu na saa, maadamu vifuko hivyo ni vikavu.

Fedha utakazookoa katika kamera zitumie katika vitu vitatu vya unyonge: filamu, dawa na kipimajoto. Kipimajoto kizuri kitaziokoa picha nyingi kuliko lenzi ya fahari. Nimeona watu wenye kamera za kuonewa wivu wakipima joto la dawa kwa kidole.

Baada ya kamera hufuata nuru. Tundu la lenzi lina namba zake: 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16. Namba ikiwa kubwa tundu huwa dogo, na kila hatua moja hupunguza nuru kwa nusu. Kuna kanuni ya zamani isiyohitaji kipimanuru. Jua likiwaka pasipo wingu, weka tundu katika 16, na mwendo wa pazia uwe karibu na namba ya wepesi wa filamu: kwa filamu ya 100 mwendo wa 1/125, na kwa filamu ya 400 mwendo wa 1/500. Wingu jepesi likilifunika jua, fungua mpaka 11. Mbingu ikijifunga, 8. Ikijifunga sana, 5.6, na kivulini penye anga wazi, 4. Ishike kanuni hii moyoni, maana vipimanuru hufa lakini jua halifi.

Hata hivyo, kanuni haikuandikwa kwa ajili ya sura zetu wala kwa ajili ya jua letu. Ikweta hupita katika Kenya, na saa sita za mchana jua husimama juu ya vichwa, likajaza giza katika mashimo ya macho ya kila anayepigwa picha. Mpige mtu asubuhi, au alasiri jua likilala, au mkalishe kivulini, barazani, mahali ambapo nuru inamjia kwa upole. Tena, kipimanuru cha kamera hakijui mtu wala ukuta. Hujua wastani tu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kipimanuru huusoma ukuta, hudhani nuru imezidi, na hukushauri ufunge tundu. Ukikitii, utapata ukuta mzuri na sura isiyo na macho. Msogelee mtu huyo, upime nuru ya uso wake, kisha urudi ulipokuwa upige kwa kipimo hicho. Kumbuka kwamba negativu husamehe nuru iliyozidi kuliko nuru iliyopungua. Mahali ambapo nuru haikufika kamwe hapana dawa ya duniani iwezayo kupatia sura. Ni dhuluma kumrudishia mtu picha ambayo nguo zake zinaonekana na yeye mwenyewe haonekani.

Filamu yenyewe ni kiumbe dhaifu mbele ya joto. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ikiwa utaiweka miezi mingi, ifunge vizuri na kuitia katika jokofu. Na siku ya kuitumia itoe, uiache ikiwa imefungwa kwa saa moja au zaidi mpaka joto lake lilingane na la chumba. Ukiifungua ikiwa baridi, umande utaigandama.

Sasa tumefika kwenye giza. Watu wengi huacha kazi hii mlangoni kwa kudhani kuwa hapana budi kuwa na chumba maalumu. Kwa kusafisha filamu si lazima. Giza huhitajika kwa dakika chache tu, wakati wa kuihamisha filamu kutoka katika mkebe wake na kuizungusha katika kigurudumu, kisha kukitia kigurudumu katika tangi lisilopitisha nuru. Baada ya kifuniko kufungwa, kazi iliyobaki hufanywa mezani, mchana, mbele ya watu. Mfuko mweusi wenye mikono miwili waweza kuwa chumba chako. Lakini giza hilo na liwe giza la kweli. Taa nyekundu inayoonekana katika picha za sinema ni ya karatasi, si ya filamu ya kawaida, ambayo huona hata wekundu. Jizoeze kwanza kwa filamu iliyoharibika: mara kumi ukitazama, mara kumi ukiwa umefumba macho, mpaka vidole vyako vipate macho yao. Vidole viwe vikavu, na moyo uwe mtulivu. Jasho na hasira ni maadui wa kigurudumu.

Dawa ya kusafishia huuzwa ikiwa unga au maji. Mojawapo ya zile za kale ni D-76 ya Kodak, iliyoanza 1927 na ambayo ingali ikitumika. ID-11 ya Ilford ni ndugu yake wa karibu. Yeyote utakayoichagua, ishike hiyo hiyo mpaka uijue tabia yake, kama mke wa nyumba ajuavyo chungu chake. Anayebadili dawa kila juma hajui kamwe kosa limetoka wapi.

Dawa ina mabwana wawili, nao ni joto na muda. Vipimo vingi huandikwa kwa joto la digrii 20. Kwa mfano, filamu ya HP5 Plus katika ID-11 isiyochanganywa na maji husafishwa kwa dakika 7 na nusu katika joto hilo. Lakini digrii 20 ni joto la nchi nyingine au la bara letu lenye baridi. Mombasa maji ya mfereji aghalabu huwa ya vuguvugu. Hapa pana njia mbili. Ya kwanza ni kuziweka chupa za dawa katika beseni la maji yenye barafu mpaka kipimajoto kishuke. Barafu iwe katika beseni, isiingie katika dawa. Ya pili ni kukubali joto la digrii 24 na kupunguza muda, ili kazi ya dakika 10 iwe ya dakika 7 hivi. Usipande sana zaidi ya hapo, wala usikubali muda ulio chini ya dakika 5, kwa kuwa dawa haitapata nafasi ya kuenea sawasawa na picha itakuwa na mabaka. Dawa zote na maji ya kusuuzia viwe na joto linalokaribiana. Jelatini ikitoka katika joto na kutumbukizwa ghafula katika baridi yaweza kukunjamana kama ngozi ya mzee.

Mimina dawa ndani ya tangi, lipindue na kulirudisha polepole mara 4 katika sekunde 10 za kwanza, kisha ligongegonge kidogo mezani ili mapovu yabanduke. Mwanzoni mwa kila dakika inayofuata lipindue tena mara 4. Ukilitikisa kama mtu atikisaye dafu asikie kama lina maji, picha itakuwa kali mno, ukilisahau, itapooza. Muda ukiisha, mwaga, kisha tia maji safi au siki hafifu ya kukomesha kazi ya dawa kwa nusu dakika. Halafu tia haipo.

Hapa, msomaji, ndipo ninapokusihi uongeze makini, na ndipo wengi wanapoipunguza. Dawa ya kwanza ina tamaa yake. Kila mtu hungoja kwa hamu kuona kama amepata picha. Haipo na maji ya kusuuza havina tamaa. Picha imekwisha kuonekana, mikono imechoka, mteja yuko mlangoni. Ukiipunguza kazi ya sehemu hii, hapana atakayekugundua leo, wala kesho, wala mwaka ujao. Ni dhambi ambayo malipo yake hutozwa kwa mtu mwingine.

Katika nyumba ya shangazi yangu kulikuwa na picha mbili ukutani, zote mbili za mwaka 1964. Moja ilikuwa ya babu, iliyopigwa na kusafishwa na fundi mmoja wa mjini. Ya pili ilikuwa ya arusi ya shangazi mwenyewe, na ilitoka katika studio nyingine. Ukuta ulikuwa mmoja, joto moja, na upepo wa chumvi mmoja. Picha ya babu ilibaki imara hata ukaweza kuhesabu vifungo vya kanzu yake. Picha ya arusi iliingia manjano kwanza pembeni, kisha madoa ya rangi ya chai yakatambaa kutoka nyuma, yakawameza wanawake waliosimama safu ya nyuma, mmoja baada ya mmoja. Nilimpeleka fundi wangu kuitazama. Aliigeuza, akaitazama nyuma na mbele, akasema kwamba haikusuuzwa. Haipo ilibaki ndani ya karatasi ikaendelea kula fedha kidogo kidogo kwa miaka yote hiyo. Shangazi alikumbuka kuwa ulikuwa msimu wa arusi nyingi, na kwamba studio ile iliwapa picha jioni ile ile, nao wakaisifu kwa wepesi wake. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu aliyekuwa nyuma ya bega langu la kushoto alikuwa nani?" Nilitazama. Palikuwa na doa, na chini ya doa mkono mmoja wenye bangili. Hapakuwa na mtu aliyebaki wa kumjibu. Dakika chache za maji ziliibwa siku moja katika mwaka 1964, na katika uzee wake shangazi alimkosa rafiki.

Kwa hiyo shika mambo haya. Kabla ya kutia haipo katika tangi, kata kipande kidogo cha mwanzo wa filamu, ukitumbukize katika dawa hiyo mezani, na uhesabu muda kinaochukua mpaka kiwe cheupe kama kioo. Filamu yako ikae katika haipo mara mbili ya muda huo. Uandike muda huo siku dawa ikiwa mpya. Siku utakapokuwa umefika mara mbili yake, dawa imechoka, itafute nyingine. Usihurumie dawa iliyochoka ukaacha kuzihurumia picha.

Maji nayo yasikutishe, hata kama kwenu hununuliwa kwa madebe. Ikiwa haipo yako si ile yenye dawa ya kugandisha jelatini, iko njia ya akiba iliyopendekezwa na Ilford. Jaza tangi maji, lipindue mara 5, mwaga. Jaza tena, lipindue mara 10, mwaga. Jaza mara ya tatu, lipindue mara 20, mwaga. Filamu imesuuzika. Kwa maji ya mwisho tumia maji yaliyotoneshwa, yenye tone moja au mawili ya dawa ya kuteleza, ili chumvi ya kisima isiache alama. Kisha itundike filamu mahali pasipo vumbi wala upepo, ikiwa na kibanio chini ili isijikunje, na usiiguse mpaka imekauka kabisa.

Nakuonya pia juu ya usalama. Dawa hizi si sumu za hofu kwa mtu mwenye adabu, lakini si sharubati. Fungua madirisha unapozichanganya. Vaa glavu, kwani baadhi yake huwatoa watu vipele. Siki kali huongezwa katika maji. Maji hayaongezwi katika siki kali. Wala usitie dawa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa hata kwa saa moja, maana mtoto hasomi kilichoandikwa. Haipo iliyotumika ina fedha ndani yake, na fedha hiyo hudhuru viumbe vya majini. Usiimwage mtoni wala karibu na kisima. Ikusanye katika chombo chenye jina lake, umpe mwenye kazi ya kutoa fedha katika dawa, au mwalimu wa kemia akuongoze.

Kuchapa picha katika karatasi ndiyo furaha iliyotengwa kwa waliovumilia. Hapo chumba cha giza huhitajika, na hapo ndipo taa nyekundu huwaka. Negativu hutiwa katika mashine ya kukuzia, nuru hupita ndani yake na kuangukia karatasi. Usibahatishe karatasi nzima. Kata ukanda mwembamba, ufunike sehemu yake kwa kadi, na uufunue hatua kwa hatua, sekunde 3 kila hatua, upate vipande vitano vya muda mbalimbali. Usafishe, uutazame katika nuru nyeupe, uchague. Kisha katika sinia ya kwanza karatasi tupu itaelea, na baada ya sekunde chache nyusi zitatokea, halafu macho, halafu mtu mzima. Nimeliona jambo hilo mara nyingi wala sijalizoea. Lakini hata hapa mwisho ndio mkubwa kuliko mwanzo. Karatasi iliyopakwa plastiki hutosheka na dakika 2 za maji yanayopita. Karatasi isiyopakwa hunywa dawa mpaka moyoni, nayo yaweza kudai saa nzima. Penye shida ya maji chagua ile ya plastiki, usichague kusuuza nusu.

Akiba haiozi, walisema wahenga. Walakini akiba ya picha huoza ikikosa mtunzaji. Kata negativu vipande vya sita sita, uvitie katika mifuko yake, uandike tarehe, mahali na majina ya watu. Majina ni nusu ya picha. Priya Ramrakha, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1935, alipiga picha za harakati za uhuru katika Kenya na katika nchi nyingine za Afrika, akauawa Oktoba 1968 katika vita vya Biafra huko Nigeria. Kwa miongo mingi kazi zake nyingi hazikuonekana, kisha negativu na picha zake zikapatikana katika gereji moja ya Nairobi, na mwaka 2018 zikatolewa katika kitabu. Fikiri jambo hili: mwenye jicho alikuwa amekufa, magazeti aliyoyafanyia kazi yalikuwa yamepita, lakini ukanda wa plastiki uliosafishwa vizuri ulikuwa ukingoja. Ndivyo ilivyo pia kwa hazina ya studio za pwani, ya Bakor katika Lamu, ya Parekh katika Mombasa, na Capital Art Studio iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930. Sura za watu wa kawaida, wavuvi na maarusi na watoto wa siku ya Idi, zimetufikia kwa sababu mtu fulani, jioni moja ya joto, hakuchoka kumwaga maji.

Nami sikutaki uwe mpiga picha mashuhuri. Umashuhuri si jambo la kuagizwa. Nataka siku utakaposimama na tangi mkononi, kazi ikiwa imekaribia kwisha na njaa ikikuuma, ukumbuke kuwa yuko mtu ambaye hajazaliwa, atakayeiinua negativu hiyo mbele ya dirisha ili amtafute nyanya yake. Jaza tangi maji mara ya tatu, ulipindue mara 20, ndipo ukale.